Gari ni langu, mafuta ni yangu: jirani analalamikia nini?

*Jambo sana Mama. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Panzi, hapa Bukavu, kazi yangu iko Nguba. Kwa miaka mingi nilipanda pikipiki asubuhi na jioni, nikinyeshewa, nikigombania bei. Mwaka huu kaka yangu aliye Ubelgiji aliniongezea pesa, nikanunua gari dogo lililotoka Japani kupitia Dar es Salaam. Usukani uko kuume lakini nimeshazoea. Vinyeti (kodi ya gari) nimelipa, asiransi (bima) nimelipa, polisi wa rulaji (wa barabarani) hawanidai kitu. Parsele yangu (kiwanja cha nyumba) iko chini kwenye mteremko na gari haliwezi kushuka, kwa hiyo nalilaza juu, pale avenyi yetu (mtaa wetu) inapotokea barabara kubwa. Juzi kwenye mkutano wa likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana pesa, mzee mmoja, jirani tunayeheshimiana, akaniambia mbele ya watu: "Baba, gari unalipanda wewe, lakini tunalilipa sote." Watu wakapiga makofi. Iliniuma. Kila franga niliitoa mimi. Mke wangu anasema ni wivu. Wewe unasemaje?*

*Baba wa watatu, Panzi*

Baba wa watatu, pole kwa kusemwa mbele ya watu. Mzee angekuita pembeni. Na hongera kwa gari. Najua safari ya Panzi kwa pikipiki asubuhi ya mvua ilivyo, na mtu aliyefika kazini na matope magotini miaka yote hiyo hana haja ya kujitetea kwa nini alitaka kiti kikavu. Ila umeniuliza kama ni wivu, na jibu langu ni hapana. Mzee alisema kweli.

Tuanze na pale unapolilaza. Gari dogo likisimama, pamoja na nafasi ya kufungulia milango, linakalia kama mita 5 kwa mita 2 na nusu. Hizo ni zaidi ya mita za mraba 12. Nimeingia nyumba nyingi za Kadutu ambamo familia nzima inalala mahali padogo kuliko hapo. Parsele ya ukubwa huo ungeinunua kwa dolari, mbele ya mashahidi, ukaandikiwa karatasi. Hapo juu hukununua kwa mtu, na palikuwa na wenyewe.

Wenyewe ni akina nani? Simama hapo siku moja alfajiri, kabla jua halijapanda. Utaona mama mbeba mizigo anakuja na gunia la mihogo mgongoni. Kamba imemkaa kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yako chini, haoni zaidi ya hatua mbili mbele yake. Njia yake ni ukingo ule kati ya lami na mfereji, hana nyingine. Akifika kwenye gari lako anashuka kwenye lami, mgongo wake ukielekea magari yanayokuja, analizunguka, halafu anapanda tena ukingoni. Ni hatua chache tu. Lakini akigongwa katika hatua hizo, karatasi ya polisi itaandika jina la aliyemgonga, na jina lako halitakuwemo. Hayo ndiyo malipo ambayo mzee alikuwa anayasema. Mama yule analipa na hajui kwamba analipa. Wewe unamlipisha na hujui kwamba unamlipisha.

Sasa twende barabarani. Mji wetu unaujua: ni ndimi za ardhi zilizoingia ziwani, na juu yake milima. Wabelgiji walipoupanga, wakati ule ukiitwa Costermansville, walijenga nyumba zao huko chini kwenye ndimi, na wafanyakazi wao waliokaa Kadutu walishuka kwa miguu. Barabara zilipimwa kwa magari machache ya watu wachache. Leo mtu wa Panzi anayekwenda mjini hana njia nyingi za kuchagua. Atapita Essence, atafika Nyawera, na kila aliyetoka huko nyuma atapita hapo hapo saa hiyo hiyo.

Wahandisi wa usafiri wana hesabu ambayo ningependa ibandikwe pale Place Mulamba. Chukua kipande cha barabara chenye upana wa mita 3 na nusu. Wakipita watu ndani ya magari yao binafsi, kwa saa moja watapita kama 2,000. Wakipita kwa miguu, watapita kama 19,000. Mtu mmoja ndani ya gari anakula barabara ya watu wengi, na Bukavu watu wengi ndio wale wanaotembea. Asubuhi unapokwama Nyawera unaona wenzako wanakuchelewesha. Nao wa nyuma wanakuona wewe. Muuguzi anayekwenda kupokea zamu amekaa kwenye basi dogo nyuma yako na wenzake wamebanana, na dakika anazopoteza hakuna anayemrudishia.

Jambo hili lina wataalamu wake. Arthur Pigou, mwalimu wa uchumi pale Cambridge, alieleza mwaka 1920 jinsi mtu anavyoweza kufanya shughuli yake, akalipa bei yake yote sokoni, na bado akawaachia watu wengine gharama ambazo hazimo katika bei hiyo. Baadaye William Vickrey, aliyefundisha New York, alishikilia miaka mingi kwamba mwenye gari anapaswa kulipia nafasi anayoichukua saa za msongamano. Alipewa Nobel mwaka 1996 na akafa siku chache baada ya kutangazwa. Singapore walianza kuwatoza wenye magari wanaoingia katikati ya mji mwaka 1975. London walianza Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku, na pesa zile kisheria zinarudi kwenye usafiri wa watu. Magari yanayoingia yalipungua.

Siombi hapa kwetu tufanye kama London. Huko mtu akiacha gari nyumbani kuna treni chini ya ardhi na basi la kumpeleka. Hapa ukiweka kamba na mtu wa kutoza pale Essence, utakuwa umeongeza kizuizi kimoja juu ya vizuizi ambavyo nchi hii inavyo tayari, na pesa zake hazitaonekana kwenye lami. Nimewataja ili ujue kwamba mzee wa likelemba, bila kusoma uchumi, aliliona jambo ambalo maprofesa walilifanyia kazi maisha yao yote.

Kuna pia moshi na vumbi. Gari lako ni la mtumba, kama yetu yote. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na kama asilimia 40 yalikuja Afrika. Mengi yanakuja yamechoka, yakitoa moshi ambao kwao usingekubaliwa. Wewe ukipita unafunga kioo. Anayeuza nyanya kando ya barabara hana kioo cha kufunga; anafuta nyanya kwa kitambaa kutwa nzima ili ziuzike, na kifua chake hakuna anayekifuta.

Na avenyi yenyewe? Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Donald Appleyard alikwenda kwenye mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mambo mengi isipokuwa wingi wa magari. Aliwauliza wakazi wana marafiki wangapi mtaani mwao. Pale magari yalipokuwa machache, mtu alikuwa na marafiki watatu kwa wastani. Pale yalipopita kama 16,000 kwa siku, hakufikisha hata mmoja. Watu walikuwa wameingia ndani na kufunga madirisha. Huko kwenu hamjafika hapo, ashukuriwe Mungu. Lakini niambie kweli, Baba: pale juu unapolilaza, watoto hawakuwa wakicheza? Wazee hawakuwa na benchi? Nadhani mzee aliyekusema anajua vizuri alikuwa anakaa wapi jioni.

Nisikuambie uliuze. Fanya haya. Tafuta mtu mwenye parsele pana huko juu yenye lango, mpangie mahali pa kulilaza, umlipe kila mwezi. Itakuuma mfukoni kidogo, na ni haki ikuume, maana ndiyo bei ambayo hadi sasa mama wa gunia amekuwa akikulipia. Pili, unatoka Panzi na viti vitupu. Bila shaka hapo jirani kuna watu wanaokwenda Nguba au Nyawera kila siku. Panga nao saa, wachangie mafuta, na hapo watakuwa wachache waliobaki kutafuta pikipiki. Tatu, usukani wako uko kuume na sisi tunaendesha upande wa kuume. Maana yake mlango wa abiria wa mbele unafungukia katikati ya barabara, na ukitaka kupita lori huoni kinachokuja mpaka umeshajitokeza. Watoto washuke kwa mlango wa kuume siku zote, wa kushoto nyuma ufunge kwa ile loki ya watoto. Na lori liache liende.

Halafu mwezi ujao kwenye likelemba, simama umwambie mzee umelihamisha. Usimwombe aombe radhi. Ataomba mwenyewe.

*Mama, salamu. Tunakaa Kadutu, mtoto wangu wa miaka 7 anasoma ng'ambo ya barabara kubwa. Wiki iliyopita gari aina ya jipu lilimkosa kidogo tu. Dereva alisimama, akashusha kioo, akanigombeza mimi: "Mama, fundisha mtoto wako barabara!" Nilipofika shuleni mwalimu naye akasema hivyo hivyo. Nimemfundisha: angalia kushoto, kulia, kushoto tena. Bado usiku sipati usingizi. Nimfundishe nini tena?*

*Mama wa Kadutu*

Mama, umemfundisha vya kutosha. Aliyebaki kufundishwa ni yule aliyeshusha kioo.

Mtoto wa miaka 7 ana urefu wa mita 1 na sentimita 20 hivi. Akisimama nyuma ya jipu lililoegeshwa haoni kitu, na dereva hamwoni yeye. Hata akiliona gari linakuja, akili yake bado haijaweza kupima linakuja kwa mbio gani. Uwezo huo unakomaa polepole, na kugombezwa hakuuharakishi. Hesabu ya dereva, kwa upande mwingine, haina utata. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki, halafu gari linahitaji mita nyingine kama hizo ili lisimame, tena kwenye lami kavu. Anayekwenda 30 anasimama baada ya mita 13 hivi. Yaani wa 30 ameshasimama pale ambapo wa 50 hajaanza hata kukanyaga breki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka kilomita 30 iwe mwisho mahali ambapo watu na magari wanachanganyika, na niambie wapi Kadutu hawachanganyiki.

Shirika hilo hilo lilihesabu watu kama milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani mwaka 2021. Zaidi ya nusu walikuwa wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko barabara, hata malaria. Na tisa kati ya kumi wanafia katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu, ambako magari kwa idadi ya watu ni machache kuliko kwa matajiri.

Nimefanya kazi ya uuguzi upande wa mifupa mpaka nikastaafu, na hesabu hizo nazijua kwa sura. Mtoto aliyevunjika paja analazwa chali, mguu umeinuliwa na kamba yenye uzito ukining'inia mwisho wa kitanda, wiki baada ya wiki. Anakonda. Mama yake analala chini kwenye mkeka, chini ya kitanda hicho hicho, kwa sababu chakula cha mgonjwa kwetu kinaletwa na jamaa. Meza yake ya maandazi imefungwa. Watoto wengine wamebaki kwa jirani, na mkubwa ameacha shule ili awaangalie. Bili inakuja, anauza redio, halafu mbuzi wa kijijini. Dereva alilipa dawa za siku ya kwanza na kuacha namba ya simu ambayo haiiti. Nimeona hivyo mara nyingi mno, na sikumbuki kusikia mtu akiiita gharama ya gari. Iliitwa bahati mbaya.

Kwa hiyo usikubali kugombezwa. La kufanya kesho: ongea na wazazi wa avenyi yenu, watoto wasivuke mmoja mmoja. Wavuke kundi, mzazi mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa zamu. Kundi la mashati meupe dereva analiona kutoka mbali. Mtoto mmoja hamwoni. Mwambie mwanao asivuke kamwe kati ya magari mawili yaliyosimama, hata kama njia ya kuzunguka ni ndefu. Kisha mwende na shefu wa avenyi kwenye komine, ofisi ya serikali ya eneo lenu, kuomba matuta pale mbele ya shule, pande zote mbili. Msiyajenge wenyewe kwa mawe usiku. Tuta la mawe lisilo na rangi huangusha watu wa pikipiki gizani, na watakaowaokota ni nyinyi. Na mwalimu yule, mwombe kwa heshima asimame mlangoni saa ya kutoka. Shule nyingine hapa mjini walimu wanasimama hadi barabarani kabisa.

*Mama, kwa nini serikali isipanue tu barabara za Bukavu, tukamaliza kelele hizi?*

*Mwanafunzi, Bagira*

Mwanangu, ipanuliwe kuelekea wapi? Upande mmoja kuna nyumba za watu, upande mwingine kuna mlima ambao hata bila kuchimbwa unaporomoka mvua ikizidi. Houston, Marekani, ambako ardhi ni tambarare na pesa zipo, waliipanua barabara inayoitwa Katy, wakamaliza mwaka 2008. Sehemu nyingine ina njia 26 ukihesabu na za pembeni. Miaka michache baadaye msongamano ulikuwa umerudi, kwa sababu nafasi mpya iliita magari mapya. Hapa jirani, Kigali, tangu 2016 kuna asubuhi za Jumapili ambapo barabara kadhaa zinafungiwa magari na kuachiwa watu wa miguu na baiskeli, na mji haukusimama.

Lakini kuna upanuzi mmoja ninaouunga mkono kwa moyo wote. Tazama barabara zetu kubwa: kando yake kuna mfereji wa maji, wazi, wenye upana wa hatua moja au zaidi. Mfereji huo ukifunikwa kwa mabamba ya zege, unakuwa njia ya miguu. Hakuna nyumba inayobomolewa na hakuna mlima unaochimbwa. Mabamba yawe mazito kiasi mwizi asiyabebe, mafupi kiasi watu wawili waweze kuyainua kusafisha takataka, na yawe na matundu ya kuingizia maji. Mafundi wa kuyamimina tunao. Mkiandika barua kwa burgumestre, mkuu wa komine ya Bagira, msiandike "tunaomba barabara". Andikeni mnataka mabamba, kutoka wapi hadi wapi, mita ngapi, na mpime wenyewe kabla ya kuandika.